Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuomba Pesa za Inua Jamii kwa Ndugu Mwenye Ulemavu Unayemlea Nyumbani

"Tulimwandikisha mtoto kwa chifu tangu mwaka juzi, mbona hatulipwi?" Swali hili huulizwa na akina mama wengi, hasa vijijini, na ukifuatilia jibu huwa moja kati ya matatu. Mtoto hajawahi kupimwa ulemavu hospitalini. Jina la mlezi kwenye kitambulisho halifanani na lililo kwenye fomu. Au jina liliandikwa kwenye daftari la mtu fulani barazani na halikufika kwenye mfumo wowote wa serikali.

Mwongozo huu ni wa familia za Kenya. Unafuata njia moja, kuanzia makaratasi ya nyumbani hadi siku pesa zinapoingia, na unaeleza la kufanya ukikwama.

## Kwanza, jua unaomba nini

Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, ina milango mitatu: wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watoto walio katika hali ngumu, na watu wenye ulemavu mkali. Kila mlango una masharti yake. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wakati mwingine hulipwa kila mwezi, wakati mwingine miezi kadhaa kwa pamoja.

Mlango wa ulemavu mkali ni wa mtu asiyeweza kukaa bila msaidizi usiku na mchana: kulishwa, kuogeshwa, kugeuzwa kitandani, kusindikizwa chooni, au kuangaliwa kila dakika asijidhuru. Ni wa familia maskini, isiyopokea pesa za mlango mwingine wa mpango huu na isiyo na mshahara au pensheni ya kuingia kila mwezi.

Pesa zinahesabiwa kwa nyumba, hazihesabiwi kwa kichwa. Ukiwa na watoto wawili wenye ulemavu, usipange matumizi ukitarajia 4,000 kwa mwezi. Nasema hili mapema kwa sababu nimeona familia ikikopa dukani kwa hesabu hiyo.

Na kama unayemlea ametimiza miaka 70, ulizia kwanza mlango wa wazee. Pale kigezo kikubwa ni umri, na huna haja ya kuthibitisha ukali wa ulemavu wake.

## Vitu vya kukusanya kabla hujatoka nyumbani

Nauli ya kumbeba mtu asiyetembea ni ghali, na mara nyingi unalipia boda boda mbili au teksi nzima. Hakikisha hivi vipo mkononi ndipo umtoe nyumbani:

- Kitambulisho cha taifa cha mlezi mkuu, yaani mtu anayeshinda na kulala na mgonjwa. Ukiandika jina la mjomba anayefanya kazi mjini kwa kuwa "anajua kusoma", pesa zitamfuata mjomba.
- Kitambulisho cha unayemlea kama ni mtu mzima, au cheti chake cha kuzaliwa kama ni mtoto.
- Karatasi zote za hospitali: kadi za kliniki, barua za rufaa, majina ya dawa, picha za eksirei. Hata zilizochakaa.
- Nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mlezi mwenyewe, si ya jirani wala ya mwanao.
- Picha ndogo za pasipoti za wote wawili, na nakala za kila hati. Tengeneza nakala zaidi ya unazodhani utahitaji.
- Daftari moja na faili moja. Daftari litaandikwa tarehe, ofisi, jina la afisa na alichosema, kila unapotoka mlangoni mwake.

Hakuna ada ya kuandikishwa Inua Jamii. Anayekuambia umtumie chochote ili "jina lipite" ni mwizi, hata akiwa amevaa beji.

## Hatua ya 1: Linganisha majina na nambari

Tandaza hati zote mezani. Soma jina la mlezi herufi kwa herufi kwenye kitambulisho, kwenye laini ya simu na kwenye cheti cha mtoto mahali palipoandikwa mama au baba. Kisha soma jina la unayemlea vivyo hivyo.

"Mwanaisha" hapa na "Mwana Aisha" pale. "Otieno" hapa na "Otiende" kule. Kwa jicho la binadamu ni mtu mmoja. Kompyuta inayolinganisha jina na nambari ya kitambulisho huona watu wawili, na malipo hukwama bila mtu yeyote kukupigia simu kukueleza.

Wengi hukimbilia hati ya kiapo kwa wakili. Kiapo husaidia mbele ya afisa, lakini mfumo wa malipo hausomi viapo. Dawa ni kurekebisha hati yenyewe: kitambulisho kwenye ofisi ya usajili wa watu, cheti kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Huduma Centre iliyo karibu itakuelekeza. Hili huchukua muda, ndiyo maana ni hatua ya kwanza.

Kama unayemlea ni mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kitambulisho kwa sababu hatoki kitandani, mwombe chifu amjulishe msajili ili maafisa wakija kuandikisha vijana katani wapitie na kwenu. Omba kwa barua, ubaki na nakala.

Usisonge mbele hadi jina liwe limeandikwa namna moja kila mahali.

## Hatua ya 2: Andika siku nzima ya ulezi

Hatua hii haimo kwenye fomu yoyote. Kwangu, ndiyo inayobeba ombi zima.

Afisa na daktari watakutana na ndugu yako kwa dakika chache. Hawataona saa kumi za usiku. Na sisi walezi tuna tabia ya kumstahi mtu wetu. Daktari akiuliza "Anakula mwenyewe?" mama hujibu "Ndiyo, anajitahidi", kwa kuwa wiki iliyopita alishika kijiko mara moja na nyumba nzima ikafurahi. Daktari anaandika: anakula mwenyewe. Neno hilo moja linaweza kumtoa kwenye ulemavu mkali.

Basi chukua daftari uandike siku moja ya kawaida, saa kwa saa. Kwa mfano:

> Saa 10 usiku: kumgeuza ubavu, kubadilisha nepi.
> Saa 12 asubuhi: kumwogesha kitandani, kusafisha kidonda cha mgongoni. Tunakuwa wawili, peke yangu siwezi kumwinua.
> Saa 1: uji kwa kijiko, karibu saa nzima. Hupaliwa, lazima kichwa kishikwe.
> Saa 3: dawa ya kifafa. Akianguka nakaa naye mpaka azinduke.
> Mchana: siwezi kwenda shambani wala sokoni pasipo mtu wa kumwachia.
> Usiku: huamka mara tatu au nne.

Chini yake andika mambo matatu: asichoweza kabisa bila mtu, kazi uliyoiacha ili umlee, na vitu unavyonunua kila mwezi kwa ajili yake.

Usitie chumvi. Anayetembea usimwandike hatembei, kwa sababu uongo mmoja ukigundulika faili lote linatiliwa shaka. Eleza tu siku mbaya kama ilivyo, na useme huja mara ngapi. Kama hujui kuandika, mwombe mwalimu wa shule jirani au mhudumu wa afya wa jamii akuandikie unavyosimulia.

Matokeo unayoyataka ni ukurasa mmoja ambao mtu asiyewafahamu anaweza kuusoma na kuelewa kwa nini huwezi kwenda kazini.

## Hatua ya 3: Uchunguzi wa ulemavu hospitalini

Uchunguzi hufanywa kwenye hospitali za serikali zilizoidhinishwa, kama za rufaa za kaunti na baadhi za kaunti ndogo. Zahanati ya kijijini haitoi ripoti hiyo, ila inaweza kukuandikia rufaa na kukuambia hospitali gani inahusika.

Piga simu au mtume mtu aulize kabla ya safari. Hospitali nyingi zina siku maalumu ambayo jopo la uchunguzi hukaa. Ukifika siku nyingine utarudishwa, na huyo uliyembeba mgongoni atarudi hivyohivyo. Uliza pia kama kuna gharama, na kama Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD) limepanga kuja kupima watu karibu na kwenu. Maafisa hutoka mara kwa mara na kufanya uchunguzi mashinani, na siku hiyo huokoa nauli nyingi.

Ukiwa mbele ya jopo:

1. Toa karatasi za zamani kwa mpangilio wa tarehe, kisha ukurasa wako wa siku ya ulezi. Omba usomwe.
2. Mlezi mwenyewe ndiye ajibu maswali. Shangazi aliyekuja kusindikiza hajui ya usiku.
3. Taja kila aina ya tatizo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza pia kuwa na kifafa na kutosikia vizuri, na fomu ikitaja miguu tu, nusu ya hali yake imeachwa nje.
4. Kabla hujaondoka, uliza kwa upole: "Daktari, mmeandika anahitaji mtu wa kumsaidia wakati wote?" Kama siyo, uliza kwa nini, na ueleze tena.

Ripoti huhitaji kuidhinishwa na Wizara ya Afya kabla ya kutumika. Usiondoke bila kujua itafuatiliwa wapi na kwa nambari gani. Iandike nambari hiyo daftarini, na umwombe mtu mwingine wa nyumbani aihifadhi kwenye simu yake.

## Hatua ya 4: Usajili na kadi ya NCPWD

Ripoti ikishaidhinishwa, msajili ndugu yako kwenye Baraza. Unaweza kufanya hivyo kwa eCitizen kupitia saiba, au kwenye ofisi ya Baraza ya kaunti yenu. Ukitumia saiba, akaunti ifunguliwe kwa nambari yako ya simu, na nywila ubaki nayo wewe. Watu wamepoteza akaunti kwa sababu kijana wa saiba alitumia barua pepe yake na baadaye akahama.

Kadi yenyewe haileti 2,000. Watu wengi hudhani wakishaipata pesa zitajileta, wakakaa nyumbani wakingoja. Ni uthibitisho, na inafungua mambo mengine nitakayoyagusa mbele.

## Hatua ya 5: Kwa chifu, halafu kwa afisa wa kaunti ndogo

Sasa ndipo uende kwa chifu au naibu wake, ukiwa na faili kamili. Yeye ndiye anayekutambua kama mkazi, na kwake ndiko taarifa za usajili mpya hufikia kwanza.

Lakini usiishie hapo. Anayesimamia mpango huu ni afisa wa ulinzi wa jamii au maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, mara nyingi katika majengo yaleyale ya naibu kamishna wa kaunti. Mfikie mwenyewe. Muulize maswali haya, na uandike majibu:

- Je, usajili wa wapya umefunguliwa sasa? Kama haujafunguliwa, majina ya wanaongoja yanawekwa wapi?
- Je, jina la ndugu yangu liko kwenye mfumo, au liko kwenye orodha ya karatasi?
- Kata yetu ina kamati ya ustawi wa wanufaika? Mwenyekiti ni nani?

Usajili hufanywa kwa awamu, na nafasi hugawanywa kwa maeneo. Kuwa na haki na kupata nafasi ni mambo mawili, na inauma kusema hivyo kwa mama ambaye hajalala vizuri miaka kumi. Ndiyo sababu faili liwe tayari kabla ya awamu kufunguliwa. Tangazo likitoka, muda huwa mfupi, na aliye na hati kamili huandikwa wakati wengine wanatafuta picha za pasipoti.

Acha nakala za hati ofisini, na yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukitoka na muhuri huo, hatua hii imefanikiwa. Ukitoka na "tutakuita" tupu, haijafanikiwa.

## Hatua ya 6: Wanapokuja kuhoji nyumbani

Ili kupima umaskini, huhojiwa nyumba nzima: mnaishi wangapi, paa na sakafu ni ya nini, maji na choo, mifugo, shamba, mnakula mara ngapi, nani anapata pesa na kutoka wapi. Majibu huingizwa kwenye mfumo, nao hupanga nyumba kwa kiwango cha uhitaji.

Kosa hapa hutokea mlezi akiwa hayupo. Mtoto wa darasa la sita anajibu, au jirani anasema "hawa wana mtoto Nairobi, wanatumiwa pesa". Acha maagizo nyumbani: mhoji akija, apigiwe mlezi simu kwanza.

Eleza tofauti ya pesa ya kila mwezi na ya mara mojamoja. Kama kaka anatuma 1,000 akipata kibarua, sema hivyo. Kama nyumba mnayoishi si yenu, sema ni ya nani. Na usimfiche ndugu yako chumba cha ndani, mhoji amwone. Najua kuna nyumba ambazo mtoto hajawahi kuonyeshwa mgeni, kwa aibu au kwa hofu ya maneno ya watu, lakini asiyeonekana haandikwi.

Baadaye majina huweza kusomwa barazani ili jamii ithibitishe. Uwepo. Jina lako likiachwa nje, simama uulize palepale, mbele ya watu, kwa heshima.

## Hatua ya 7: Kupokea pesa bila kuzipoteza

Ukikubaliwa, utaelezwa njia ya malipo inayotumika wakati huo, iwe benki, wakala au simu. Fuata maelekezo ya afisa wa kaunti ndogo, si ujumbe wa kusambazwa WhatsApp.

Namba ya siri ni yako peke yako. Wakala akikuambia "mtandao uko chini, niachie kadi", ichukue uondoke nayo. Hesabu pesa dirishani na udai risiti. Ukikatwa kiasi chochote usichoelezwa, andika tarehe, mahali na kiasi, kisha uripoti kwa nambari ya bure ya Inua Jamii, 1533.

Mara kwa mara serikali huwataka wanufaika wathibitishe kuwa wako hai. Ukiitwa, nenda, na kama wa kwenu hawezi kutoka, mjulishe chifu mapema ili afikiwe nyumbani. Asiyethibitishwa anaweza kusimamishwa, na kurudishwa ni kazi nzito kuliko kuandikishwa upya. Vilevile usiache malipo yalale bila kuchukuliwa.

## Ukikwama au ukikataliwa

Usirudi kuuliza kwa mdomo tena na tena. Andika barua. Katiba, kifungu cha 47, inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa Kiswahili, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, afisa anapaswa kumwandikia ombi lake.

Barua isizidi ukurasa mmoja:

> Kwa Afisa wa Ulinzi wa Jamii, Kaunti Ndogo ya …
> YAH: OMBI LA TAARIFA NA SABABU
> Mimi ni mlezi wa (jina, nambari ya kitambulisho au cheti, nambari ya usajili ya NCPWD). Tarehe … niliwasilisha hati katika ofisi yako, nakala yenye muhuri imeambatishwa.
> Naomba kujua: (1) kama jina lake limo kwenye mfumo wa Inua Jamii, (2) ombi limefikia wapi, (3) kama limekataliwa, sababu kwa maandishi.
> Naomba nijibiwe ndani ya siku 21, kulingana na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016.
> Jina, sahihi au alama ya kidole, nambari ya simu, tarehe.

Siku 21 zikipita kimya, peleka nakala za barua hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi wanaijua kama Ombudsman. Ina dawati katika baadhi ya Huduma Centre. Nimeona faili lililolala likiamka kwa sababu tu ya barua yenye tarehe na muhuri, ilhali miaka ya maombi ya mdomo haikuacha alama yoyote ofisini.

## Mengine ya kuomba wakati unangoja

Shilingi 2,000 hazifiki mbali kwa nyumba inayonunua nepi za mtu mzima na dawa za kifafa. Kwa hiyo ukiwa na kadi ya NCPWD, uliza kwenye ofisi yao kuhusu viti vya magurudumu na vifaa vingine, na msaada wa karo kupitia mfuko wao. Kama ni mtoto wa umri wa shule, mpeleke kwenye kituo cha elimu cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu, ambacho huelekeza shule inayomfaa.

Jiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147# na umweke kama mtegemezi wako. Kisha muulize chifu na mhudumu wa afya wa jamii jinsi familia zisizojiweza zinavyoingizwa kwenye orodha ya wanaolipiwa na serikali.

## Mambo yakibadilika

Mlezi akifariki, akiugua au akiolewa mbali, malipo hayamfuati mlezi mpya yenyewe. Peleka kwa afisa wa kaunti ndogo barua ya chifu, kitambulisho cha mlezi mpya, na cheti cha kifo kama kipo. Fanya hivyo wiki hiyohiyo. Familia iliyoendelea kutoa pesa kwa kadi ya marehemu hujikuta ikihojiwa, na anayeumia ni yule aliye kitandani.

Mkihamia kaunti nyingine, ripoti kabla ya kuhama, uondoke na barua, na ujitambulishe kwa chifu mpya.

Na mtoto akikaribia miaka 18, anza shughuli ya kitambulisho chake mapema. Alikuwa kwenye mfumo kwa cheti cha kuzaliwa, na akishakuwa mtu mzima ataulizwa nambari ya kitambulisho. Muulize afisa itabadilishwaje kwenye faili lake bila malipo kukatika katikati.